Takwimu za Mto na Malisho: Kazi za Data Kubwa kwa Vijana wa Tana River

Kila mwezi, katika vijiji vilivyoteuliwa humu kaunti, mkusanyaji wa taarifa hupiga hodi katika kaya moja baada ya nyingine. Maswali yake ni ya kawaida, kiasi kwamba mama wa nyumbani anaweza kumjibu huku akiendelea na shughuli zake. Maji ya kunywa yanatekwa umbali gani? Kutoka malishoni hadi mahali pa kunyweshea ng'ombe ni kilomita ngapi? Maziwa ya jana yalikuwa chupa ngapi? Mbuzi aliuzwa bei gani sokoni, na kilo ya mahindi ilikuwa shilingi ngapi? Kisha watoto wa chini ya miaka mitano hupimwa mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe wa rangi. Kipimo kikishuka chini ya milimita 125, mtoto ana utapiamlo.

Majibu hayo hutumwa na kukutanishwa na picha za setilaiti zilizopigwa juu ya Garsen, Galole na Bura. Hapo ndipo inapopatikana taarifa ya tahadhari ya mapema ambayo NDMA, Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, huitoa kila mwezi kwa kaunti 23 kame na nusu kame, Tana River ikiwa mojawapo. Taarifa hiyo ndiyo husema kama kaunti iko katika hali ya kawaida, ya tahadhari, ya hatari au ya dharura. Maamuzi kuhusu malori ya maji, chanjo za mifugo na chakula cha watoto huanzia kwenye kurasa hizo. Nambari ikikosewa kijijini, lori huenda likafika mahali ambapo halikuhitajika.

Kazi inayofanyika kati ya swali la kwanza na taarifa hiyo ni sehemu ya fani ambayo siku hizi huitwa data kubwa. Kijana anayemaliza kidato cha nne Ngao, Tarasaa au Hola hulisikia jina hilo na kudhani ni mambo ya Nairobi au ya ng'ambo. Jina linatisha kuliko kazi yenyewe.

Ukubwa wake unatoka wapi

Daftari la mwenye duka la Minjila ni data, lakini si data kubwa. Mtu mmoja anaweza kulisoma lote kwa jioni moja na kujua nani anadaiwa. Data huitwa kubwa inapokuwa nyingi mno, inapoingia kwa kasi mno, au inapokuja kwa namna tofauti tofauti, yaani nambari, picha, sauti na maandishi, hata kompyuta moja na macho ya mtu mmoja yasitoshe.

Setilaiti inayotumiwa kupima uoto ni mfano mzuri. Chombo chake kiitwacho MODIS kimekuwa kikiipiga dunia picha tangu mwaka 2000, na kila nukta ya picha hufunika kipande cha ardhi cha mita 250 kwa 250. Kaunti ya Tana River ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 35,000. Ukigawanya, unapata zaidi ya vipande 560,000 katika picha moja ya kaunti hii peke yake. Picha ikipigwa kila siku, hiyo ni zaidi ya nambari milioni 200 kwa mwaka. Zizidishe kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakuna karani wa kuzipiga kalamu zote hizo.

Simu nazo huzalisha data ya namna hiyo. Mwaka 2012 watafiti walichapisha katika jarida la Science uchunguzi uliotumia kumbukumbu za simu za karibu watu milioni 15 nchini Kenya, za kipindi cha mwaka mmoja kati ya 2008 na 2009, majina yakiwa yameondolewa. Hawakusikiliza mazungumzo ya mtu. Walichotazama ni simu iliunganishwa na mnara upi, na baadaye mnara upi. Kutokana na hapo walionyesha jinsi wasafiri wanavyobeba vimelea vya malaria kutoka sehemu moja ya nchi hadi nyingine, hivyo maafisa wa afya wakaweza kujua ni safari zipi zinazorudisha ugonjwa mahali ulipokuwa umepungua. Mbu haruki kutoka Ziwa Victoria hadi Nairobi. Anayesafiri ni binadamu.

Hesabu moja ya malisho

Mwanafunzi anayetaka kujua kama kazi hii inamfaa aanze na hesabu inayotumiwa katika taarifa za ukame. Setilaiti hupima ukijani wa ardhi na kuupa nambari. Kwa mfano, tuseme mwezi huu sehemu fulani ya malisho katika delta imepata 0.30. Je, ni vizuri au vibaya?

Nambari hiyo peke yake haisemi kitu. Inabidi kuilinganisha na historia ya mahali hapohapo, mwezi uleule. Tuseme kwa miaka yote iliyopimwa, ukijani wa chini kabisa pale deltani ulikuwa 0.20 na wa juu kabisa 0.60. Toa 0.20 katika 0.30, unapata 0.10. Toa 0.20 katika 0.60, unapata 0.40. Gawanya 0.10 kwa 0.40, kisha zidisha kwa 100. Jibu ni 25. Katika kipimo cha NDMA, kuanzia 35 hadi 50 ni hali ya kawaida, na zaidi ya 50 ni nzuri kuliko kawaida. Kati ya 20 na 35 ni ukame wa wastani, kati ya 10 na 20 ni ukame mkali, na chini ya 10 ni ukame uliokithiri. Kwa hiyo delta iko katika ukame wa wastani.

Sasa chukua 0.30 hiyohiyo uipeleke nyika ya Bura, ambako tuseme ya chini kabisa ni 0.12 na ya juu kabisa ni 0.32. Toa 0.12 katika 0.30, unapata 0.18. Tofauti ya juu na chini ni 0.20. Jibu ni 90. Ukijani uleule ambao deltani ni njaa, Bura ni neema. Nambari hizi ni za mfano, lakini namna ya kukokotoa ndiyo inayotumika. Yeyote aliyeielewa ameshafanya uchambuzi wa data, kwani kilichobaki ni kuifundisha kompyuta kuirudia mara laki tano na sitini elfu.

Kuna jambo ambalo kompyuta hailijui. Mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa katika miradi ya unyunyizaji ya Bura na Hola miaka ya 1980, hubaki kijani hata nyasi zikiwa zimekauka. Setilaiti huona kijani tu. Haijui kama ni nyasi ya ng'ombe au kichaka kilichoziba njia ya ng'ombe. Mchambuzi aliyeketi mbali anaweza kuandika kwamba malisho ni mazuri wakati mfugaji wa Kiorma ameshahamisha kundi lake kutafuta majani ya kweli. Ndiyo maana maswali ya kaya na picha za angani huwekwa pamoja, na ndiyo maana kijana aliyekulia hapa, anayejua nyasi zinaota wapi maji ya mto yakirudi nyuma, ana kitu ambacho shahada peke yake haimpi mtu.

Kazi ni nyingi, si moja

Watu husema "kazi ya data" kana kwamba ni kiti kimoja. Taarifa moja ya ukame hupitia mikononi mwa watu wengi. Yupo mkusanyaji anayeuliza. Yupo msimamizi anayekagua majibu, akiona kaya kumi zimejibu sawasawa neno kwa neno anauliza kulikoni. Yupo mtu wa hifadhidata, anayehakikisha jina la kijiji halikuandikwa kwa namna tatu hata kompyuta ikadhani ni vijiji vitatu. Mhandisi wa data hujenga mifereji ya kupitishia data, sawa na mfereji wa shamba, ili data itoke kwenye simu na setilaiti ifike inakotakiwa bila kumwagika njiani. Mchambuzi hutafuta maana, mchora ramani huiweka juu ya wadi, na mwandishi huiandika kwa lugha ambayo mwakilishi wa wadi, chifu na mfugaji wataielewa. Mwanasayansi wa data, ambaye ndiye hutajwa zaidi, hutengeneza mifano ya hesabu ya kubashiri kitakachofuata. Hawezi kufanya lolote kama wale wa kwanza wamelala.

Hapa nchini wahitaji wa watu hawa ni wengi. KNBS, Shirika la Kitaifa la Takwimu, linawahitaji, na pia Mamlaka ya Rasilimali za Maji, wizara za kilimo na afya, benki na kampuni za simu, bima za mifugo, mashirika ya misaada, na Kituo cha Kikanda cha Ramani za Rasilimali kilichoanzishwa mwaka 1975 na ambacho kiko Kasarani, Nairobi. Serikali za kaunti nazo zinahitaji watu wa takwimu katika idara za mipango na fedha, kwa kuwa sheria inazitaka ziandae mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na mpango usio na nambari ni orodha ya matamanio.

Upande wa afya, mwaka 2023 serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliopewa simu za kusajili kaya na kuandika wanachokiona huko. Hospitali na zahanati za umma huingiza ripoti zao katika mfumo wa kitaifa unaoendeshwa kwa programu ya DHIS2, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei na ambayo Kenya imeitumia nchi nzima tangu 2011. Zahanati yoyote ya Garsen inahitaji mtu anayeweza kuisoma ripoti yake yenyewe kabla ya kuituma, akaona kwamba wagonjwa wa kuhara wameongezeka maradufu wiki hii, badala ya kungoja kuambiwa na Nairobi.

Mto nao una hesabu zake

Mafuriko ya Garsen mara nyingi huja anga likiwa jeupe. Mvua imenyesha Mlima Kenya na Aberdare, mabwawa ya Seven Forks yamejaa kuanzia Masinga, maji yamepita Garissa, na baada ya siku kadhaa yanafika mashamba ya Wapokomo na vijiji vya delta. Zile siku kadhaa ndizo zenye thamani. Katika mafuriko ya Novemba 2023 na ya Aprili na Mei 2024, familia nyingi za kaunti hii zilihama kwa mitumbwi na boti, zikiacha nafaka na mbuzi.

Kina cha mto hupimwa. Kituo cha Garissa kina kumbukumbu zinazorudi hadi zama za ukoloni, na usawa wa maji Masinga hutangazwa mara kwa mara wakati wa mvua. Bwawa hilo hujaa kwenye mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Likipita hapo, maji humwagika yenyewe. Mchambuzi anayeweka pamoja usomaji wa Masinga, wa Garissa na wa Garsen kwa miaka mingi anaweza kukokotoa maji ya kina fulani kule juu huchukua muda gani kufika hapa, na yatafunika vijiji gani. Setilaiti za Sentinel-1, zinazotumia rada, huona maji hata kukiwa na mawingu mazito, na picha zake hutolewa bure. Kinachokosekana zaidi ni mtu wa kuzigeuza kuwa ujumbe mfupi wa kueleweka utakaomfikia mkulima wa Idsowe kabla maji hayajamfikia.

Uvumi uliopimwa

Garsen imewahi kuwa mahali ambapo data ilitumika kwa jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni data. Kati ya Agosti 2012 na mwanzoni mwa 2013, mapigano katika delta yaliua zaidi ya watu 100. Uvumi ulichangia sana. Mtu alisikia kwamba upande wa pili unajiandaa kushambulia, akapiga simu kwa jamaa zake, nao wakajiandaa, na maandalizi hayo yakawa uvumi mpya upande wa pili.

Baada ya hapo shirika la Kanada liitwalo The Sentinel Project lilianzisha katika delta huduma iliyoitwa Una Hakika. Mwananchi aliyesikia neno la kutisha alituma ujumbe wa simu. Ujumbe uliwekwa kwenye mfumo wa kompyuta ukapewa mahali, wakati na uzito wake, kisha wajumbe wa kujitolea waliokuwa vijijini, wa jamii mbalimbali, waliulizwa walichokiona kwa macho yao. Jibu lilirudishwa kwa walioandikishwa: ni kweli, si kweli, au bado linachunguzwa. Kila uvumi ulikuwa mstari mmoja katika hifadhidata. Ikipatikana mistari mingi inayotaja kisima kimoja katika wiki moja, viongozi walijua pa kwenda kabla ya panga kutolewa. Kazi hiyo haikuhitaji mtaalamu wa kigeni peke yake. Ilihitaji watu wanaozungumza Kiorma na Kipokomo na wanaoaminika.

Nambari za watu

Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019 Kenya ilihesabu watu wake kwa vishikwambi badala ya karatasi kwa mara ya kwanza. Tana River ilipatikana na watu 315,943: Tana North 114,715, Tana Delta 110,640 na Tana River 90,588. Vijana waliofanya kazi ya kuhesabu waliajiriwa kutoka maeneo yao wenyewe. Sensa hufanywa kila baada ya miaka kumi, kwa hiyo inayofuata ni ya 2029.

Umuhimu wake unaonekana katika fedha. Katika kanuni ya tatu ya kugawa mapato kwa kaunti, iliyokubaliwa na Seneti mwaka 2020, idadi ya watu ilipewa uzito wa asilimia 18, afya 17, umaskini 14 na ukubwa wa ardhi 8. Kaya ya wafugaji iliyokosa kuhesabiwa kwa kuwa ilikuwa imehama na mifugo haikupotea kwenye karatasi tu. Ilipotea pia kwenye hesabu ya dawa za zahanati kwa miaka kumi.

Pa kuanzia

Hisabati ya shule ya upili haikwepeki, hasa asilimia, wastani, grafu na uwezekano. Baada ya hapo, chombo cha kwanza ni lahajedwali, na hapa vijana wengi hukosea kwa kuidharau wakikimbilia lugha za kompyuta zenye majina makubwa. Anayeweza kusafisha jedwali la mistari elfu moja bila kuharibu hata mmoja ameshapata cha kuuza. Kisha SQL kwa ajili ya hifadhidata, halafu Python au R, mojawapo inatosha. Kwa ramani ipo QGIS, na kwa kukusanya majibu kwa simu ipo KoboToolbox, ambayo mashirika mengi huitumia. Python, R na QGIS ni bure kabisa, na DHIS2 ina mafunzo ya mtandaoni yasiyolipiwa.

Kwa anayetaka shahada, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilichopewa hati mwaka 2023 kinafundisha sayansi ya data kwa njia ya mtandao, jambo linalomwezesha mwanafunzi kubaki Garsen. Vyuo vikuu vya karibu ni Pwani kilichoko Kilifi, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na Garissa. Takwimu, hisabati, sayansi ya kompyuta na hata uchumi ni milango ya fani hii, kwa hiyo aliyekosa kozi yenye neno "data" asikate tamaa.

Ukweli mwingine lazima usemwe. Kazi nyingi za mwanzo ni za mkataba mfupi wa wiki mbili au miezi mitatu, na zinaisha mradi unapoisha. Kazi za mtandaoni za kuwekea data alama kwa ajili ya akili mnemba zipo, ila mwaka 2023 iliripotiwa kimataifa kwamba baadhi ya waliozifanya Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Na yeyote anayeomba pesa ili ampe kijana kazi ya kukusanya data ni tapeli. Kazi halali haidai ada ya usajili.

Anayekusanya data anashika siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mwenye taarifa aelezwe zinachukuliwa kwa sababu gani, na zisitumiwe kwa jambo jingine. Mama aliyekubali mtoto wake apimwe mkono hakukubali picha ya mtoto iwekwe kwenye kundi la WhatsApp. Malalamiko hupelekwa kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Zoezi

Taarifa za ukame za Tana River huwekwa kwenye tovuti ya NDMA, na kila mtu anaweza kuzipakua. Chukua za miezi 12. Kwa kila mwezi, andika kwenye lahajedwali bei ya mbuzi na bei ya kilo ya mahindi, kisha gawanya ya kwanza kwa ya pili. Mbuzi wa shilingi 4,000 na mahindi ya shilingi 80 kwa kilo ni kilo 50. Mbuzi akishuka hadi 3,000 na mahindi yakapanda hadi 100, ni kilo 30, na familia imepoteza kilo 20 za chakula bila mbuzi hata mmoja kufa. Chora grafu ya miezi yote 12. Pembeni weka kipimo cha uoto cha miezi hiyohiyo. Tazama ni kipi kilianza kushuka, na kwa miezi mingapi kabla ya kingine. Kisha mpelekee mzee mfugaji grafu hiyo, umuulize mwezi ule kulitokea nini.